Viungio vya plastiki vinavyovuja kwenye boti: dalili moja moja na chanzo chake

Kila mwaka ni wiki zile zile. Baridi ya kwanza inashika mwishoni mwa Oktoba, mtu anawasha hita iliyolala tangu Mei, na asubuhi anakanyaga zulia lililolowa. Akinipigia simu, mara nyingi tayari ameshanunua kiungio kipya na kukifunga, na baada ya siku nne maji yamerudi palepale. Mimi nilijifunza ufundi bomba Tanga, enzi za mabomba ya mabati na katani, na ilinichukua majira mawili ya baridi kwenye mifereji ya Uingereza kukubali jambo hili: kinacholia ni kiungio, lakini anayekiliza ni paipu. Ukibadilisha kiungio bila kuitazama paipu, umembembeleza mtoto na kumwacha anayemfinya.

Ninazungumzia boti nyembamba za chuma, zile za upana wa futi 6 na inchi 10 na urefu unaofika futi 70. Ndani kuna rejeta tatu au nne za ukutani zinazopasha chumba joto kwa maji moto, hita ya dizeli ya kilowati 4 au 5 au jiko la makaa lenye boila, na paipu za plastiki za milimita 15 na 22 zilizopita chini ya sakafu au ubavuni. Viungio ni vya kuchomeka: unasukuma paipu, inashika. Hep2O na JG Speedfit ndizo aina zinazokutwa sana. Mwenye yoti au kampavani yenye paipu za milimita 12 naye anaweza kusoma, maana dalili ni zile zile.

Kabla ya kushika spana

Zima hita kwa swichi yake, si kwa kukata betri. Hita ya dizeli ikizimwa huendelea kuzungusha feni na pampu kwa dakika chache ili ijipooze. Ukiikatia umeme katikati, joto linabaki ndani na kuiunguza. Kisha subiri mpaka uweze kuishika paipu kwa kiganja. Maji ya nyuzi 70 yanachuna ngozi.

Kwenye jiko la makaa hakuna swichi, moto lazima ufe wenyewe. Usimwage maji ya mfumo wakati makaa yanawaka. Na kama maji yameshakwisha kwenye boila huku moto ukiwaka, usithubutu kumimina maji baridi ndani yake. Yatageuka mvuke papo hapo na boila inaweza kupasuka kama bomu. Bana matundu ya hewa ya jiko, fungua madirisha, toka nje, acha lipoe.

Kama boti imeunganishwa na umeme wa gatini wa volti 230 na maji yamezifikia nyaya, chomoa kule gatini kwanza. Na usionje hayo maji ili kujua ni ya wapi. Kulanti, yaani maji ya mfumo yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda, ikiwa ya etilini glikoli ni tamu na ni sumu, kwa mtu na kwa mbwa.

Je, ni maji ya hita kweli?

Ngama ya boti, ile nafasi ya chini kabisa chini ya sakafu, ni kama ua wa nyumba yenye wapangaji wengi: uchafu ukikutwa katikati, kila mmoja anakana. Maji yanaweza kuwa ya hita, ya bomba la jikoni, ya mvua iliyopenya dirishani, au ya mvuke wa pumzi na mapishi uliogandia kwenye chuma baridi ukachuruzika. Chumba cha injini nacho kina matone yake pale shafti ya rafadha (propela) inapotoka.

Funga mabomba yote, zima redio, sikiliza pampu ya maji ya matumizi. Ikinguruma yenyewe kila baada ya muda bila mtu kufungua bomba, uvujaji uko upande huo na hita haina kosa. Kisha weka alama ya tepu kwenye kitangi cha kujazia cha hita, mfumo ukiwa baridi, na uangalie tena kesho yake ukiwa baridi vilevile. Ukilinganisha maji moto na maji baridi utajidanganya, kwa sababu maji yakipata moto hupanda yenyewe. Rangi nayo inasaidia: kulanti huwa ya buluu, waridi au kijani, huteleza kati ya vidole, na ikikauka huacha ukoko unaonata.

Jambo moja ambalo fundi wa nyumbani hulisahau akiingia botini ni kwamba boti nyingi za mifereji hukaa zimeelemea tezi, yaani upande wa nyuma. Dimbwi unaloliona kwenye tundu la ukaguzi huko nyuma linaweza kuwa limetembea mita 12 chini ya sakafu, likipita kati ya farumi (vizito vya kuituliza boti), kabla ya kukufikia. Kwa hiyo tafuta kuelekea omo, yaani mbele. Funga kipande cha karatasi ya choo kuzunguka kila kiungio unachoweza kukifikia, kiache usiku kucha. Karatasi haifichi kitu. Tone moja tu inabadilika sura.

Kiungio kinashikaje?

Ukikijua kwa ndani, nusu ya kazi imeisha. Kuna pete ya meno inayoing'ata paipu isichomoke, na kuna oringi ya mpira inayozuia maji. Pete haizuii maji hata kidogo. Oringi ndiyo inayozuia, na inazuia kwa kukumbatia ngozi ya nje ya paipu. Ndani ya paipu hukaa kibomba kidogo cha plastiki au chuma, kinachoifanya ibaki duara hata ikilegea kwa joto. Ngozi ya paipu ikiwa na mchubuko, au paipu ikiwa yai badala ya duara, au ikivutwa upande mmoja, oringi mpya kabisa nayo itavuja.

Dalili: kinadondoka kikiwa baridi, kikipata moto kinakauka

Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Alfajiri kuna tone. Hita ikiwaka nusu saa, pakavu. Mtu anaambiwa na jirani wa gatini kwamba aache tu, "kitajiziba". Kwenye nyumba ya matofali labda. Kwenye boti ya chuma kila tone linakwenda kukaa juu ya bamba la chini, chini ya sakafu usikokuona, na kutu hulianza kutokea ndani.

Chanzo cha kwanza, na cha mara nyingi zaidi, ni paipu kujikunja na kujinyoosha. Plastiki hurefuka sana kwa joto. Mita 10 za paipu ya polibutilini, plastiki ya Hep2O, zikitoka nyuzi 10 hadi 70 hurefuka karibu sentimita 8. Paipu ya PEX, plastiki ya aina nyingine, inaweza kupita sentimita 10. Shaba, kwa urefu na joto hilo hilo, hurefuka takriban sentimita 1 tu. Sasa chukua paipu iliyofungwa imenyooka kama uzi wa fundi mwashi kutoka rejeta ya mbele hadi ya nyuma. Ikipoa usiku inavuta viungio vya ncha zote mbili, na ikiwa imefungwa kwa mshazari inavivuta pembeni. Oringi inabonyea upande mmoja na kuachia upande wa pili.

Cha kuangalia ni rahisi. Mfumo ukiwa baridi, shika paipu sentimita 20 kutoka kwenye kiungio na uisogeze taratibu kuelekea kilipo kiungio. Tone likikoma, umeshampata mhalifu. Huna haja ya kununua kitu bado. Legeza vishikizo vya karibu, ipe paipu nafasi ya kujikunja kidogo, na panga vishikizo vipya kila sentimita 30 hivi kwa paipu ya milimita 15 inayolala, ili uzito wake usining'inie kwenye kiungio. Kama paipu ni fupi kiasi cha kutobaki na ulegevu wowote, ikate na uongeze kipande chenye pindo. Usiikunje kwa nguvu, lakini. Polibutilini ya milimita 15 inataka pindo lenye nusu kipenyo kisichopungua sentimita 12. Paipu ya Speedfit ya ukubwa huo inataka sentimita 17.5.

Boti yangu mwenyewe ilikuwa hivi. Aliyeifunga alikuwa mtu nadhifu, paipu mbili zimenyooka ubavuni mita 14 bila pindo hata moja, picha ya kupendeza. Kila alfajiri viungio vinne vya mwisho vilikuwa na matone kama umande. Nilibadilisha vyote vinne, mara mbili. Kilichoponya ni msumeno, viungio viwili vya ziada, na pindo la ovyo nyuma ya kabati la viatu ambalo hakuna mgeni atakayelisifia.

Chanzo cha pili ni kibomba cha ndani kilichosahauliwa. Fundi yupo kwenye kona, vibomba viko kwenye mfuko mlangoni, anajiambia atarudi. Kiungio kitapita majaribio ya baridi bila shida. Baada ya wiki kadhaa za moto na baridi paipu inakuwa yai. Huwezi kujua bila kuchomoa, ila gonga paipu kwa kucha karibu na mdomo wa kiungio kisha sehemu ya mbali. Mlio ukiwa mmoja kote, shuku.

Cha tatu ni uzee wa oringi. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye joto hukakamaa na kukaa umebonyea. Hapo ndipo kubadilisha kiungio kuna maana.

Na kama kiungio chako ni cha aina yenye kofia ya kuzungusha, kama zile za Speedfit, angalia kofia kabla ya yote haya. Mtikisiko wa injini unaweza kuilegeza. Izungushe kwa mkono mpaka ikabe, robo mzunguko hivi.

Dalili: kinavuja kikiwa moto tu

Hapa adui ni presha. Kama mfumo wako umefungwa na una geji, isome asubuhi na uisome tena hita ikiwa imewaka saa nzima. Kati ya baa 0.5 na 1 ikiwa baridi ni kawaida. Ikipanda kuelekea 3 ikiwa moto, tungi la upanuzi halifanyi kazi, na viungio vinabeba mzigo usio wao. Tungi hilo lina valvu ndogo kama ya baiskeli. Bonyeza pini yake: ikitoka hewa, limepungukiwa tu, punguza presha ya maji hadi sifuri, lijaze kwa pampu ya baiskeli kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo yake, kisha jaza maji upya. Yakitoka maji, utando wa ndani umepasuka na tungi ni la kutupwa.

Kama mfumo ni wa wazi wenye kitangi juu, presha si tatizo. Tazama kwanza kama kitangi kimejazwa mno na kinamwaga kikipata moto, maji yakishuka ukutani hadi kwenye kiungio kisicho na hatia. Nimeshaitwa kwa kosa hilo zaidi ya mara moja. Nilitoza nauli tu.

Chanzo kinachofuata ni joto lenyewe kupita kiasi. Viungio hivi vimepimwa kwa mifumo ya joto ya nyuzi 82 kwenye baa 3, na vinavumilia zaidi ya hapo kwa muda mfupi tu. Maji ya kupoozea injini hufika nyuzi 80 na zaidi, na yakienda kwenye koili ya tangi la maji moto yanatakiwa yapite kwenye mpira wa injini wenye klempu za chuma, siyo kwenye plastiki ya kuchomeka. Ukikuta mtu ametumia plastiki, usirekebishe kiungio. Ondoa paipu yote.

Dalili: kitangi kinapungua, tone silioni

Kama ulijaza maji karibuni, huenda hakuna uvujaji. Hewa iliyonaswa hutoka kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu na maji hushuka kuijaza nafasi yake. Toa hewa kwenye kila rejeta, jaza, weka alama upya.

Ikiendelea, kuna jasho. Kiungio kinatoa maji machache kiasi kwamba joto linayakausha kabla hayajawa tone. Pita na tochi ukitafuta ukoko, wa rangi ya kulanti au mweupe, kwenye mdomo wa viungio. Kulanti ina tabia ya kupenya pale maji matupu yasipopita, kwa hiyo mfumo uliokuwa mkavu kwa maji unaweza kuanza kutoa jasho siku unapoongeza glikoli. Usiilaumu glikoli, imekuonyesha palipokuwa pabovu.

Sehemu mbili ni za kuogopa. Ukiona moshi mweupe wenye harufu ya utamu unatoka kwenye ekzosi ya hita, kulanti inaingia kwenye moto ndani ya hita. Izime na usiiwashe tena. Na ukiona kitangi kinapanda badala ya kushuka, hata kufurika, koili iliyo ndani ya tangi la maji moto imetoboka. Pampu ya matumizi ina presha kubwa kuliko mfumo wa hita, ndiyo maana maji yanakimbilia huko. Lakini pampu ikizimwa, kulanti inaweza kurudi kwenye maji unayonawia na kupikia. Acha kutumia bomba la moto kabisa.

Dalili: nimebadilisha kiungio na kimevuja tena

Rudi kwenye ngozi ya paipu. Unapochomoa kiungio, pete ya meno huacha michubuko, na ukirudisha paipu ile ile oringi mpya inakaa juu ya makovu ya zamani. Mchubuko wa kuzunguka si mbaya sana. Ule wa kwenda kwa urefu wa paipu ni mfereji kamili wa maji, hata kama ni mwembamba kama unywele. Pitisha ukucha. Ukikwama popote ndani ya sentimita 3 za mwisho, kata kipande hicho utupe. Hii ndiyo sababu ninawaambia watu waache ulegevu kwenye paipu tangu mwanzo: kila ukarabati unakula sentimita chache.

Mkato wenyewe unachangia. Msumeno wa chuma huacha vinyweleo na mkato wa kombo. Nunua mkasi wa kukatia paipu za plastiki. Ikiwa upande mmoja ni paipu ya shaba iliyokatwa kwa msumeno, ncha yake ni wembe: inapoingia inaichana oringi, nawe huoni. Isugue kwa faili na msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Paipu ya shaba iliyopakwa kromu au ya chuma cha pua ni shida nyingine, maana ni ngumu mno kwa meno ya pete, itashika leo na kuteleza kesho.

Halafu kina. Paipu za kuchomeka husimama mara mbili: mara ya kwanza kwenye oringi, mara ya pili mwisho kabisa. Wengi huishia ile ya kwanza. Weka alama ya kalamu kwenye paipu kulingana na kina cha kiungio, karibu sentimita 3 kwa ya milimita 15, na usiache kusukuma mpaka alama iguse mdomo. Viungio vipya vya Hep2O hukwaruza kwa ndani ukizungusha paipu iliyofika mwisho. Unausikia mkwaruzo huo vidoleni. Kisha vuta nyuma kwa nguvu ili meno yashike. Kuvuta huku si hiari.

Kuna pia suala la vipimo, hasa kwetu tunaobeba vifaa kutoka nyumbani. Paipu ya PPR ya milimita 20 ya Dar au Mombasa haiingii kokote hapa, hilo linaonekana kwa macho. Ya hatari ni PEX ya Marekani ya nusu inchi, ambayo kwa nje ni karibu milimita 15.9. Ukiilazimisha kwenye kiungio cha 15 utaharibu oringi. Usichanganye pia viungio vya kampuni moja na vibomba vya nyingine bila kuhakikisha vinakubaliana. Unene wa ukuta wa paipu hutofautiana.

La mwisho, mafuta. Fundi wa magari hupenda grisi. Oringi hizi kwa kawaida ni za mpira wa EPDM, unaovimba na kuoza kwa grisi, dizeli na mafuta ya injini. Kama paipu haitaki kuingia, tumia kilainishi cha silikoni au maji safi. Na dawa za kuzibia zenye mafuta, zile za kupaka kwenye nyuzi za bomba la mabati, zisiguse plastiki kabisa.

Dalili: kiungio kimechomoka chote

Maji yapo sakafuni na paipu inaning'inia. Kama ni baada ya usiku wa barafu, chanzo hakihitaji mpelelezi: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, plastiki inajinyoosha bila kupasuka, lakini kiungio kinasukumwa nje. Usifurahi kwamba paipu imepona. Kagua viungio vyote vya mzunguko huo, maana kilichochomoka ni kile dhaifu tu. Theluthi moja ya monopropilini glikoli kwenye mfumo hushusha kuganda hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri, nayo haina sumu kali kama etilini.

Kama hapakuwa na barafu, ama paipu haikufika mwisho siku ilipofungwa, ama maji yalichemka. Kwenye jiko la makaa lenye pampu ya umeme, betri ikiisha usiku pampu inasimama na makaa hayasimami.

Dalili: paipu karibu na hita imekuwa kahawia au laini

Hapa hakuna ukarabati wa kujifanyia. Mita ya kwanza kutoka kwenye hita inatakiwa iwe ya chuma, na mzunguko wa jiko la makaa unaopanda wenyewe kwa joto unatakiwa uwe wa shaba mwanzo hadi mwisho. Plastiki iliyobadilika rangi imeshapikwa. Zima, na umwite fundi.

Viungio vya nati

Hivi, vinavyobana paipu kwa nati na pete ya shaba, vinajulikana, sitavirefusha. Plastiki ikipata moto hulegea chini ya pete ya shaba, hivyo baada ya majuma machache ya kwanza nati huhitaji kukazwa robo mzunguko. Shika mwili wa kiungio kwa spana ya pili. Ikishindikana mara mbili, usiendelee kukaza. Fungua, hakikisha kibomba cha ndani kipo, weka pete mpya. Tepu nyeupe juu ya pete inaruhusiwa.

Dawa ya kuziba ya kumimina

Madukani kuna chupa za kumimina kwenye kitangi zinazodai kuziba popote. Kwenye mfumo wenye hita ya dizeli mimi sizitumii. Njia za maji ndani ya hita hizo ni nyembamba, na dawa haijui tofauti kati ya tundu la uvujaji na tundu la kupitishia maji. Ukikwama usiku, kilicho salama ni kofia ya kuzibia ncha ya paipu: kata kabla ya kiungio kibovu, ziba ncha zote mbili, ishi na rejeta moja pungufu mpaka mchana. Hakikisha tu kwamba rejeta zilizobaki bado zina njia ya kwenda na kurudi. Weka kofia nne kwenye droo. Tepu za mpira za kujigandisha zinasaidia kwenye maji baridi yasiyo na presha; kwenye maji moto zitakupa saa chache tu.

Wakati wa kusimama

Ukishafungua kiungio kile kile mara mbili na kinavuja mara ya tatu, ondoa mikono, kuna kitu hukioni. Hita ikiwa ni ya gesi, usiguse sehemu yake ya gesi wala ya moshi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, rejista ya mafundi gesi wa Uingereza, mwenye idhini ya kazi za boti. Jiko la makaa lililowahi kuchemka bila maji likaguliwe kabla ya kuwashwa tena. King'ora cha kaboni monoksaidi kikilia wakati unahangaika na paipu, paipu si shida yako tena: zima moto, toka nje. Na kama maji ya ngama yanaongezeka hata mfumo wa hita ukiwa mtupu, yanatoka mferejini. Washa pampu ya ngama na uite msaada wa kuitoa boti majini.

Ukimaliza, usirudishe sakafu mara moja. Kausha ngama kwa sponji na matambara mpaka bamba la chini lionekane, maana maji yaliyobaki kati ya farumi yatakuja kudondoka tezi baada ya siku kumi na kukufanya ufungue kiungio kisicho na kosa. Jaza mfumo, toa hewa, washa hita mpaka rejeta zote ziwe moto, zima, acha ipoe kabisa usiku kucha. Rudia mara tatu. Karatasi ya choo ibaki imefungwa kwenye kila kiungio ulichokigusa mpaka wiki ipite, na ile ya alfajiri ya baridi kuliko zote ndiyo ya kuamini.